Kaka yangu anakuja kutoka Mombasa kwa siku sita: tumpeleke mji gani wa magharibi, na upi tuuache?

BintiMvita (Nakuru)

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyeolewa Nakuru, na sasa ni mwaka wa kumi na nne tangu nihamie huku. Mwezi wa Agosti kaka yangu mkubwa na wifi yangu watakuja kututembelea kwa siku sita. Kaka ni mstaafu wa bandarini mwenye umri wa miaka sitini na sita, na tangu azaliwe safari zake za bara zimeishia Nairobi. Gari tunalo, mume wangu ameomba likizo, na nyumbani kila mtu anaupigia debe mji wake: mume wangu anataka Kitale alikosomea, binti yangu anataka Kisumu, naye mama mkwe anashikilia kwamba mgeni wa heshima hakimbizwi huku na huku, bali huketishwa, akapikiwa, kisha akatembezwa karibu na nyumbani.

Ninaomba ushauri kuhusu mambo mawili. La kwanza ni Kisumu. Nilikwenda huko mwaka 2011 pamoja na wenzangu wa kazini, na tangu siku hiyo sijatamani kurudi. Tulifika saa saba mchana, jua likiwa la kupasua kichwa, tukapanda mashua ambayo mwenyewe alitutajia bei moja tukiwa nchi kavu na bei nyingine tulipokwisha kuwa majini. Isitoshe, ghuba ilikuwa imefunikwa na gugu maji kiasi kwamba nahodha alilazimika kuzima mashine mara tatu ili aondoe majani kwenye rafadha. Mimi nimekulia Kuze, ambako bahari iko hatua chache tu kutoka mlangoni, na niliona nimesafiri mwendo wote ule ili nikatazame shamba la majani. Je, mji wa namna hiyo mtu huurudia, au huusamehe akaenda zake kwingine?

La pili ni Nakuru yenyewe. Kila mgeni anayefika kwangu huulizia heroe kabla hata ya kuvua viatu, kwa sababu ameona katika kalenda ile picha ya ziwa lililogeuka waridi, nami nimechoka kuomba radhi kwa niaba ya ndege waliohama. Macho yangu yameuzoea mji huu hata sijui tena ni kitu gani cha hapa ambacho mtu wa pwani angekikumbuka akisharudi kwao.

Wifi yangu anasumbuliwa na goti, kwa hiyo hawezi kupanda mlima, na wote wawili ni watu wa swala tano, hivyo chakula halali na mahali pa kuswalia ni mambo ya kuzingatiwa tangu mwanzo. Natanguliza shukrani.

JanamWaDunga (Kisumu)

Dada Binti Mvita, pole kwa mashua ya mwaka 2011. Sitawatetea waliokutoza mara mbili, ila nitautetea mji, kwa sababu kwa maelezo yako mwenyewe uliuona katika saa ambayo hata sisi wenyeji huwa tumejificha kivulini. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari na mtu hudhani kimo hicho kitampa baridi. Mchana hakimpi chochote. Uzuri wa mji huu uko alfajiri, wavuvi wanaporudi na nyavu zao, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni, upepo unapokwisha kugeuka na joto kupungua. Anayefika saa saba na kuondoka saa kumi ameiona stendi, si Kisumu.

Ninaelewa hoja yako kwamba mtu wa Mombasa hawezi kushangazwa na maji, lakini hebu fikiri kidogo. Kaka yako kwa miaka sitini na sita ameliona jua likichomoza baharini, na kila jioni limemtulia nyuma ya mgongo wake, upande wa bara. Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria unaofika Kisumu, imeelekea magharibi. Mkalishe ufukweni, Dunga au Hippo Point, saa kumi na mbili na robo jioni, alitazame jua likizama katika maji, jambo ambalo pwani yake nzima haiwezi kumwonyesha. Niliwahi kumpeleka pale mgeni kutoka Lamu, mzee mcheshi ambaye mchana kutwa alikuwa ameliita ziwa letu dimbwi, na wakati ule alinyamaza mpaka mbu wakamwamsha.

Zaidi ya hayo, mtu wa bandari atakuwa na maswali ambayo watalii wengine hawana. Atataka kujua kwa nini maji hayapwi wala hayajai. Ataonja na kukuta hayana chumvi. Ataona mafunjo yaliyosimama marefu kuliko mtu, na jahazi zenye matanga ya pembetatu ambazo atadai, na pengine kwa haki, kwamba tuliiga kwao. Kisha mpeleke karibu na bandari yetu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, na mahali hapa pakaitwa Port Florence kabla jina la Kisumu halijashinda. Kaka yako amefanya kazi maisha yake yote kwenye ncha moja ya reli hiyo bila kuiona ncha ya pili, na hata meli ya MV Uhuru, iliyojengwa kubeba mabehewa kuvuka ziwa, ni kitu ambacho bandari ya kwao haina. Bandarini hamtaruhusiwa kuingia ovyo, lakini yapo mengi yanayoonekana kutoka nje.

Kuhusu gugu maji, sitakudanganya kwamba limekwisha. Husukumwa na upepo, leo liko upande huu na kesho limehamia ng'ambo, kwa hiyo msilipe mashua siku moja kabla. Ulizeni asubuhi hiyo hiyo hali ikoje. Mkubaliane nauli ya kwenda na kurudi mbele ya shahidi, mvae jaketi za kuokolea maisha hata kama nahodha atawacheka, na mlipe mkisharudi nchi kavu.

Kit Mikayi iko kama kilomita 29 kutoka mjini, kwenye barabara ya kwenda Bondo, na yale mawe yaliyobebana yanaonekana vizuri hata kwa mtu asiyeweza kuyapanda, kwa hiyo wifi hatabaki nyuma. Hifadhi ya swala pala iliyo kando ya ziwa ni ndogo mno na inawafaa watoto; mimi ningeiacha. Soko la Kibuye nendeni Jumapili, ndiyo siku yake. Kwa chakula, samaki ngege wa kuchemshwa na ugali hana utata wa halali, na msikiti wa Jamia uko katikati ya mji.

MzeeWaShabab (Nakuru)

Binti yangu, nimeishi Nakuru tangu ilipokuwa manispaa, nikaiona ikipewa hadhi ya jiji mwaka 2021, na ninaona swali lako la pili ndilo gumu zaidi ingawa ndugu yetu wa Dunga ameruka moja kwa moja kulijibu la kwanza.

Acha kuomba radhi kwa heroe. Mweleze mgeni wako kilichotokea, maana kisa chenyewe kinapendeza kuliko kalenda. Ndege hao wanakula mwani mdogo sana ambao husitawi katika maji ya magadi. Kuanzia mwaka 2010 hivi ziwa lilianza kufurika, likameza lango kuu la zamani la hifadhi pamoja na ofisi zake, likaiua migunga iliyokuwa ukingoni, na maji yalivyozidi ndivyo magadi yalivyopoa. Chakula kilipopungua, heroe wakahamia maziwa mengine, hasa Bogoria, na hurudi kwa makundi madogo wakati wakipenda. Mgeni akiiona ile migunga iliyokauka ikiwa imesimama ndani ya maji, meupe kama mifupa matawi yake, huku mwari na membe wametua juu, hatauliza tena habari za rangi ya waridi. Mimi huliona jambo hilo kuwa la kuhuzunisha na zuri kwa wakati mmoja, na huwa sijui nianze na lipi.

Hifadhi hiyo ilianza mwaka 1961 kwa ajili ya ndege na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, lakini leo sababu ya kuingia ni vifaru, weusi kwa weupe, pamoja na twiga wa Rothschild. Vyote huonekana bila kushuka garini, jambo litakalomfaa mwenye goti. Ingieni lango linapofunguliwa asubuhi. Malipo hufanywa kwa mtandao, hawapokei fedha taslimu, kwa hiyo msifike pale mkaanza kutafuta kitambulisho na nywila huku foleni ikiwasubiri nyuma.

Menengai, ile volkano yetu, unaifahamu. Gari hufika karibu na ukingo, kwenye kimo cha mita 2,278, na shimo lenyewe lina upana wa takriban kilomita kumi na mbili. Tatizo ni kwamba watu wengi huenda adhuhuri, wanapiga picha, wanaondoka. Nendeni asubuhi wakati ukungu haujaondoka na mvuke unatoka chini, na mbebe masweta, kwa maana Agosti ya huku siyo Agosti ya Mvita.

Na sasa nikwambie mahali ambapo sijapata kusikia mtu akimpeleka mgeni wa pwani: Hyrax Hill, hapo hapo kwenye barabara ya Nairobi, dakika chache kutoka katikati ya mji. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937 na 1938, akapata makaburi na mabaki ya makao ya watu wa kale, na juu ya jabali yamechongwa mashimo ya bao. Kaka yako kama ni mtu wa Kuze bila shaka ameketi barazani akacheza bao maisha yake yote. Mwonyeshe bao lililochongwa katika jiwe na watu ambao hawakuiona bahari. Ukishindwa kumwondoa pale, usinilaumu.

Kwa hiyo mimi ninaafikiana na mama mkwe wako. Siku mbili nzima ziwe za hapa.

MwanaWaShinyalu (Kakamega)

Nimewasoma wote wawili kwa furaha, lakini nashangaa kwamba tumefika hapa na hakuna aliyeutaja msitu. Mtu wa pwani ana maji, ana minazi, ana mji mkongwe kuliko miji yetu yote ikijumlishwa pamoja. Kitu asichokuwa nacho ni msitu wa mvua, na nchini Kenya msitu wa mvua wa aina ile iliyotandaa kutoka Kongo umebaki mahali pamoja tu, nao ni Kakamega.

Nitasema wazi kwamba mji wa Kakamega kama mji hauna cha kumfanya mtu alale usiku wawili. Ni mji wa ofisi, maduka na bodaboda, na nani atakayesafiri kutoka Mombasa kuja kutazama bodaboda? Lakini mkilala karibu na msitu, upande wa Isecheno au wa Buyangu, mkaamka saa kumi na moja alfajiri, mtasikia mbega wakianza kunguruma kutoka mti hadi mti kabla hapajapambazuka, na mwangaza ukifika mtaona shorobo, yule ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi, akikimbia juu ya matawi kana kwamba ni panya. Ziko njia tambarare ambazo mwenye goti anaweza kuzitembea polepole na mwongozaji. Kilima cha Lirhanda mwacheni mume wako akipande na binti. Jambo moja mlizingatie: mwezi wa Agosti mvua yetu hunyesha karibu kila alasiri, kwa hiyo shughuli zote za msituni ziishe kabla ya saa sita, na viatu viwe vya kukamata tope.

Mkitoka Kisumu kuja huku mtapita Ilesi, mahali palipo na lile jiwe liliao, kando kabisa ya barabara. Ni nguzo ya mwamba yenye urefu wa mita kama arubaini, na maji hutiririka kutoka kichwani mwake. Dakika ishirini zinatosha, na sioni haja ya kulifanya kuwa safari yenyewe kama wengine wanavyofanya.

Kwa kuwa kaka yako ni Mswahili, nitaongeza mahali ambapo hapana mandhari yoyote ya kusifiwa: Mumias. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilikuwa ikitua pale, wakati huo pakiitwa Kwa Sundu kwa jina la baba yake Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na hata mpelelezi Mskoti Joseph Thomson alifika hapo mwaka 1883 kwa kufuata njia za misafara. Uislamu ulifika nao. Mpaka leo utakuta misikiti na familia zinazozungumza Kiswahili ambacho kitamfanya mgeni wako ageuze kichwa. Ukitoka Kakamega ni mwendo wa takriban kilomita thelathini tu. Mashamba ya miwa njiani hayapendezi sana, na barabara hujaa matrekta, lakini fikiria mtu wa Kuze akiswali adhuhuri katika mji ambao babu zake huenda waliufikia kwa miguu.

Uasin64 (Eldoret)

Nitakuwa mfupi. Sisi tulipandishwa kuwa jiji mwezi wa Agosti 2024 na tulishangilia sana, lakini hati ya jiji haileti mandhari. Eldoret ni mahali pa kununua maziwa lala, kufanya shughuli na kulala kabla ya kuendelea na safari. Kama mna nusu siku ya ziada, pandeni hadi Iten, mita 2,400 hivi, mkasimame ukingoni mwa Bonde la Kerio ambako ardhi inaporomoka zaidi ya mita elfu moja mbele ya miguu yenu, huku vijana wanaojiandaa kwa mbio wakiwapita kama mmesimama, na kwa kweli mtakuwa mmesimama. Hakuna ngazi, hakuna kupanda, gari linafika.

Kuhusu Kitale, mume wako asikasirike. Saiwa ni pazuri mno, hifadhi ndogo ya kilomita tatu tu za mraba ambako mtu hutembea kwa miguu na kupanda majukwaa ya mbao kumvizia nzohe, yule swala wa majimaji, kwenye kinamasi, lakini goti la wifi halitalipenda, na mwezi wa Agosti Kitale hupata mvua nyingi. Pia itawaongezea siku nzima barabarani. Pawekeni kwa safari nyingine, mwezi wa Januari au Februari.

BintiMvita (Nakuru)

Nimewasomea majibu yenu mezani jana usiku, na mume wangu amekubali, kwa shingo upande, kwamba Kitale isubiri Januari. Hoja ya jua kuzama majini imenishika, kwa sababu kweli mimi mwenyewe sijawahi kuliona. Mwaka 2011 saa kumi na moja tulikuwa tumekwisha kufika Ahero tukirudi. Na Mzee wangu wa Shabab, nimepita mbele ya Hyrax Hill karibu kila siku kwa miaka kumi na minne na sijawahi kuingia. Nimeona haya.

Tumepanga hivi. Watafika Jumanne jioni. Jumatano ni Hyrax Hill, kisha mapumziko na upishi wa mama mkwe. Alhamisi alfajiri tutaingia hifadhini, na jioni tutapanda Menengai ikiwa hapana mvua, ingawa najua Mzee anasema asubuhi. Ijumaa tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi kupitia Kericho, ili wifi aone majani ya chai yakiwa bado shambani, maana nyumba yao hunywa chupa tatu kwa siku. Ijumaa hiyo kaka atawahi swala ya Jamia Kisumu, tutapumzika mpaka saa kumi, ndipo twende Dunga. Jumamosi ni Kit Mikayi asubuhi na baadaye kuelekea Kakamega kulala karibu na msitu. Jumapili tutatembea msituni alfajiri, kisha tukate kwa Chavakali na Kapsabet kurudi nyumbani. Iten imetushinda, na soko la Kibuye nalo pia, kwa kuwa Jumapili hatutakuwa Kisumu. Mumias ndiyo inayonisumbua, kwa sababu kaka aliposikia habari za Kwa Sundu kwenye simu aliniuliza maswali nusu saa nzima. Je, tukienda Mumias Jumapili baada ya msituni, tutaweza kufika Nakuru kabla ya usiku kuwa mkubwa?

MwanaWaShinyalu (Kakamega)

Hamtaweza kwa raha. Mkitoka msituni saa nne mtafika Mumias karibu saa sita, mkaswali, mkala, mkazungumza na wazee, na wazee wa pale hawazungumzi kwa haraka. Mtajikuta mnapanda kuelekea Kapsabet na mvua ya alasiri, mkamalizia safari gizani pamoja na malori. Fanyeni mojawapo ya mambo mawili. Mwondoe Kit Mikayi, mtoke Kisumu Jumamosi mapema, mpite Ilesi na kuingia Mumias kwa swala ya adhuhuri, kisha mrudi kulala msituni. Au mwombe kaka aongeze siku ya saba.

BintiMvita (Nakuru)

Nimempigia. Ameongeza siku ya saba, na wifi anauliza kama huko msituni kuna mbu wa kutosha kumfanya abebe chandarua chake mwenyewe.

MwanaWaShinyalu (Kakamega)

Abebe.